Kilo Sita za Kalerwe

Nyie vijana wa idara ya wageni mmeniomba niandike mambo ya kazi ya zamani kabla sijayasahau. Sijayasahau. Siku ya kuniaga mlinipa keki, saa ya ukutani na kalamu. Keki iliisha, saa imesimama, kwa hiyo natumia kalamu. Nilisoma mpaka darasa la nne, hivyo mkikuta makosa myanyooshe kimya kimya, msinipigie simu. Habari za vyeo na mshahara sitaandika. Mshahara wangu mliujua, ndiyo maana keki mliichanga nyie.

Nilianza kazi kama mpika chai katika ofisi ya mazao, hapo mjini Kampala, nikiwa msichana aliyeolewa mwaka mmoja tu. Siku ya kwanza nilikabidhiwa birika mbili na vikombe kumi na viwili, kila kikombe na ndoano yake ukutani na mwenyewe. Hakuna aliyeniambia kipi ni cha nani. Kikombe cha mkurugenzi nilimpa dereva. Dereva huyo, Mzee Lubega, alikinywea mpaka mwisho, akakifuta kwa leso, akanirudishia.

"Nyabo," akaniita kwa heshima ya Kiganda, "hiki ni cha mkubwa. Nimekuwa nikingoja miaka mitano mtu akosee."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Wengine walinifundisha mahali sukari ilipofichwa.

Kazi ya kuzungusha wageni ilikuwa ya bwana mmoja Mhindi, mpole, mwenye tai. Wahindi walipoambiwa waondoke nchini, aliondoka na sanduku moja na akaacha vijitabu vya picha mezani. Wiki ya pili wakaja wageni kutoka Zaire. Mkurugenzi akaniita.

"Halima, wewe ni Mnubi, Kiswahili unakijua. Wageni wakimaliza mkutano wanataka kuona mji wa kale. Wazungushe."

"Mzee, mimi napika chai."

"Pika kwanza, halafu wazungushe."

Hivyo ndivyo nilivyofunzwa kazi ambayo nyie mmeisomea miaka miwili na vyeti juu yake.

Mzee Lubega alinipa sheria zake ndani ya gari, injini ikiwa imewaka. Usinyooshe kidole. Kampala ni vilima, na miaka ile hukujua kilima kipi kilikuwa na kambi ya jeshi nyuma yake; mgeni akifuata kidole chako na kamera, umekwisha. Onyesha kwa mdomo, kama watu wa nyumbani. Pili, zungumzia waliokufa tu. Ukiulizwa juu ya mtu aliye hai, sema barabara ni mbaya. Tatu, ukisimamishwa na askari, jibu ulichoulizwa, halafu funga mdomo. Nilimuuliza kama kuna ya nne. Akasema ya nne ni kuhakikisha tanki la petroli lina kitu, na hiyo ilikuwa ngumu kuliko zote tatu.

Chombo changu cha kazi kilikuwa kikapu. Ndani yake niliweka vitenge vitatu vikubwa, kwa sababu serikali ilikuwa imepiga marufuku sketi fupi na suruali kwa wanawake, na wageni wa kike walishuka kwenye ndege bila habari. Niliweka kijiko cha kuvalia viatu, na ndizi, kwa sababu mgeni mwenye njaa haoni historia. Kikapu hicho kilinipa heshima kuliko kitambulisho.

Njia yetu ilikuwa moja. Sanamu ya uhuru, dakika tano. Namirembe kwa kanisa, Kibuli kwa msikiti, kila mgeni aridhike. Mwisho Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda. Ile nyumba kubwa ya mviringo iliyoezekwa nyasi mpaka karibu na ardhi nyote mnaijua, ingawa mnayoijua ni iliyojengwa baada ya moto. Sheria ya pale ni ile ile. Unavua viatu mlangoni, unaingia kwa adabu, unakaa chini kwenye mkeka na walinzi wa kike wa makaburi, na mbele yako lipo pazia la lubugo, yaani nguo ya gome la mti, na mikuki ya wafalme imesimama mbele yake.

Hapo mlangoni ndipo nilipojifunza kazi yangu hasa. Wakubwa hawapendi kuvua viatu. Mkurugenzi atakuambia mgongo unauma, mwingine atasema ataangalia kutoka nje. Nilijaribu kubembeleza, haikusaidia. Nikagundua kwamba ukisimama karibu, ukatandika kitenge chini mbele ya miguu yake, ukasema neno moja tu, "Viatu," kwa sauti ya mama anayemwogesha mtoto, mtu yeyote atainama. Akishavua, si yule tena. Anaongea polepole, anauliza maswali ya kweli. Nimeona soksi za wakurugenzi wa nchi tano na naweza kuwaambia kwamba cheo hakizuii tundu.

Sasa niwaambie kuhusu Bwana Kilonzo, maana najua ndicho mlichotaka. Mzee Lubega aliwasimulia nusu yake kabla hajafariki.

Kilonzo alikuwa fundi wa mizani kutoka Kenya. Wakati huo ofisi zilikuwa zinaacha ratili na kuingia kwenye kilo, na mizani za maghala yetu zilikuwa zimechanganyikiwa kama sisi wenyewe. Alikuja kuzinyoosha kwa siku nne. Mtu mwembamba, kimya, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Siku ya tano mkurugenzi akaniambia nimtembeze, kisha nimpeleke Kyambogo kwa binamu yake aliyekuwa akifundisha huko.

Ndani ya gari alitueleza maisha yake kwa maneno machache. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amekagua mizani za masoko, na mwenye mizani ya uongo hakuwahi kumwachia hata mmoja.

"Hata akiwa mjane?" Mzee Lubega akauliza.

"Uzito haujui mjane," akasema.

Nikaona safari itakuwa ndefu.

Kumbe alikuwa na ugonjwa wa kazi. Pale kwenye sanamu alihesabu ngazi, akaandika kwenye daftari. Kule Namirembe alipima uwanja kwa hatua, akaandika. Nilifikiri anaandika historia. Kasubi, nikatandika kitenge, nikasema neno langu, akavua viatu bila ubishi. Soksi nzima, zimerekebishwa kwa uzi wa rangi ile ile. Aliizunguka nyumba kwa nje akihesabu hatua, akaingia, akakaa, na niliona midomo yake ikihesabu mikuki. Nilitakiwa kumzuia. Hilo ni kosa langu na naliandika hapa. Nilikuwa nimeshughulika na mwanamke mmoja wa pale ndani aliyekuwa akiniuliza bei ya sabuni mjini, na sabuni wakati huo ilikuwa habari kubwa kuliko wafalme.

Tulishukia njia ya Bwaise ili tutokee Kalerwe. Karibu na soko, askari wakatusimamisha. Walikuwa watatu, na mkubwa wao sajini mrefu, mnene, mwenye sauti ya chini.

"Wote toka. Kipande."

Tukatoa vitambulisho. Cha Kilonzo kilikuwa pasipoti. Sajini akaigeuza, akamtazama, kisha akanyoosha mkono kwenye mfuko wa shati la Kilonzo na kuchomoa lile daftari. Akasoma kwa sauti, polepole, kila neno likianguka chini peke yake.

"Kasubi. Zunguka, hatua mia moja na nne. Mlango moja. Mlinzi mbili. Silaha kumi na tisa." Akainua macho. "Wewe nataka kupindua nani?"

"Nimeandika mikuki, afande," Kilonzo akasema. "Ni ya marehemu."

"Marehemu nafanya nini na silaha?"

Jibu la swali hilo sijalipata mpaka leo.

"Na huko nyuma, uwanja, hatua. Ngazi, hesabu. Wewe napima Kampala ya nini?" Sajini akafunga daftari kidole kikiwa ndani. "Hakuna shida. Twende tuandike maelezo."

Nyie mmezaliwa baadaye, kwa hiyo niwaeleze. Mtu wetu wa stoo alikuwa ameitwa kuandika maelezo kabla ya Ramadhani. Ramadhani ikaja, Idi ikaja. Kikombe chake kilikuwa bado kwenye ndoano, na kila Jumatatu nilikiosha, kwa sababu hakuna aliyeniambia niache. Nikamtazama Mzee Lubega. Alikuwa akifuta kioo cha gari, na kioo hakikuwa na vumbi.

Sajini akafungua tena daftari. "Na hii? Watu wawili. Sabini na nne. Hamsini na nane. Hii namba ya nini? Namba ya nyumba?"

Kilonzo, ambaye hakuwa ameona haya kwa mikuki, sasa akaona haya. Alitazama viatu vyake.

"Ni uzito, afande. Mimi ni fundi wa mizani. Natazama mtu, najua kilo zake. Sabini na nne ni mzee dereva. Hamsini na nane... ni mama Halima."

Askari wale wawili wakanitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka ndala. Mmoja akacheka.

"Hii mama hamsini na nane? Na kikapu au bila kikapu?"

"Chunga mdomo," nikamwambia. "Mimi ni sawa na dada ya mama yako."

Sajini hakucheka. "Wewe natazama, najua kilo. Sawa. Mimi kilo ngapi?"

Kilonzo akamwangalia mara moja tu, kama mtu anayesoma bango. "Themanini na nane, afande. Bila buti, bila bunduki."

"Ikiwa kweli, wewe fundi. Ikiwa uongo, wewe jasusi."

Akageuka, akavuka barabara. Sote tukamfuata.

Upande wa pili kulikuwa na duka la maharage la mwanamke mmoja tuliyemwita Nalongo, kwa kuwa alikuwa mama wa pacha. Pacha wenyewe walikuwa wamelala juu ya gunia, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Mbele ya duka ilisimama mizani ya chuma, ya kupimia magunia, yenye sahani chini na mkono wenye alama juu. Nalongo alipoona askari wanaelekea kwenye mizani yake, alikaa chini akaanza kuchagua maharage ambayo yalikwisha kuchaguliwa.

Sajini akampa mwenzake bunduki, akapanda. Kilonzo akasogeza jiwe kwenye mkono. Jiwe likapita themanini na nane, likapita tisini, likatulia kwenye tisini na nne.

Nilimwona Kilonzo akielewa. Nami nikaelewa, maana nilikuwa nimenunua maharage pale. Mizani ile ilikuwa inasema uongo, na uongo wenyewe ulikuwa unamnufaisha muuzaji. Akisema mizani ni mbovu, anajiokoa yeye, na Nalongo ataenda kuandika maelezo; wafanyabiashara walikuwa wakikamatwa kwa chini ya hapo, na walioitwa wahujumu hawakurudi kufungua duka. Asiposema, yeye ndiye mwongo. Fundi mwenyewe, miaka kumi na minane, uzito haujui mjane. Alifungua kinywa. Nalongo aliacha kuchagua maharage. Mmoja wa wale pacha akapiga chafya, akaendelea kulala.

Kilonzo akafunga kinywa.

"Tisini na nne," sajini akasema. "Umekosa."

Sheria ya tatu ya Mzee Lubega ilisema nifunge. Lakini mkono wangu ulikwisha ingia kwenye kikapu. Nikatoa kitenge, nikakitandika chini mbele ya mizani, nikasimama karibu na yule mtu mkubwa.

"Viatu," nikasema.

"Nini?"

"Amesema bila buti. Viatu."

Wallahi sikujua atafanya nini. Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Kisha akashuka, akaketi juu ya gunia, akainama. Buti za jeshi zina mashimo mengi ya kamba, na yeye alikuwa na tumbo. Alihema. Akafungua ya kwanza.

"Afande," Kilonzo akasema taratibu, amepiga magoti kando ya mizani, "sakafu hii ina shimo, mguu mmoja wa mizani unaelea. Naomba karatasi niukalishe sawa."

Sajini alikuwa na kamba mkono mmoja na daftari mkono mwingine. Alichana ukurasa uliokuwa wazi, ule ule wa mikuki, akampa bila kuinua kichwa. Kilonzo akaukunja mara nne, akauingiza chini ya mguu wa mizani kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia uliinuka kama wa mtu anayejishikilia asianguke, ukagusa mwisho wa mkono wa mizani, pale penye nati ndogo ya kunyooshea mizani, ukaizungusha. Mara moja, mbili, tatu. Nilisogea hatua moja na nguo yangu pana, askari wale wawili wakaniona mimi tu. Hapo nilifurahi kwamba sikuwa mwembamba.

Sajini akasimama. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu lililotoa vidole viwili. Niliangalia pembeni kama nifanyavyo kwa wakurugenzi. Akapanda. Jiwe likateleza, likasita, likatulia.

"Themanini na nane," Kilonzo akasema.

Sajini akainama mwenyewe akasoma. Akasoma tena. Kisha akashuka, akachukua buti zake, moja kila mkono, akazipima hewani. Uso wake ukabadilika.

"Tisini na nne. Themanini na nane." Akawageukia wenzake. "Buti ya serikali kilo sita!"

"Kilo sita?"

"Sita! Miaka tisa mimi nabeba kilo sita!"

"Ndiyo maana sisi nachoka," yule mwingine akasema, na akaangalia za kwake kwa chuki.

Wakaanza kujadili jambo hilo kwa undani. Hatukuwahimiza. Sajini akamrudishia Kilonzo pasipoti na lile daftari, akamwambia ni fundi kweli, na kwamba angekuwa askari angekuwa askari mzuri. Halafu akanigeukia. "Sasa hii mama. Panda tuone hamsini na nane."

"Mimi si maharage," nikamwambia. "Vaa viatu, mwanangu, sakafu ina baridi."

Akavaa. Tukaenda kwenye gari kwa mwendo wa watu wasio na haraka. Kabla ya kupanda, Kilonzo alirudi hatua mbili dukani.

"Mama," akamwambia Nalongo, "sasa iko sawa. Ibaki hivyo."

"Webale, ssebo," Nalongo akamshukuru. "Itabaki."

Ilibaki. Mwezi ule Kalerwe nzima ilizungumza kwamba kilo ya Nalongo imekuwa kubwa, wengine wakasema ameokoka.

Kilonzo aliposhuka Kyambogo, alisimama na mkoba wake, akaniambia, "Mama Halima, leo nimeficha mizani mbovu. Ni mara ya kwanza." Alisema hivyo kwa huzuni, mtu aliyekuwa amebakiza dakika kumi za maisha yake saa moja tu kabla.

"Hukuificha," nikamwambia. "Umeitengeneza. Kazi yako si hiyo?"

Alifikiri. "Nimeitengeneza bila kuiandika daftarini," akasema. Akaondoka.

Jumatatu yake, ofisini, niliosha vikombe kumi na viwili. Watu walipokwenda kula, nikashuka ghalani peke yangu, nikapanda kwenye mizani ambayo Kilonzo mwenyewe alikuwa ameinyoosha. Nilivua ndala. Nikasogeza jiwe mpaka hamsini na nane. Mkono wa mizani haukutikisika. Nikasogeza tena.

Sitini na nne.

Nikavaa ndala, nikapiga hesabu. Mzee Lubega nilikwisha mpima kwa hila asubuhi, nikimwambia mkurugenzi anataka orodha: sabini na nne kamili. Sajini, themanini na nane. Mtu yule hakuwa anakosea. Kwangu alikosea kilo sita, kwenye daftari ambalo hakutegemea lisomwe na yeyote, na kama afande angenipandisha mimi badala yake, Bwana Kilonzo angekufa kwa ajili ya adabu.

Wiki iliyopita, kwa kuwa sina kazi, nilikwenda Kalerwe. Nalongo hayupo tena duniani. Duka ni la mmoja wa wale pacha, sasa ana mvi, na mizani yake ni ya betri. Ile ya chuma iko pale pale mbele ya duka, haijasogezwa, imewekewa madumu ya mafuta. Nikamwomba aiinue mguu. Alifikiri nimechanganyikiwa, lakini mamake alimlea vizuri, akainua. Karatasi ilikuwapo, imekuwa nyeusi na ngumu kama ngozi. Mikuki kumi na tisa bado inasomeka. Chini yake sabini na nne, na chini yake namba yangu. Nilivaa miwani. Ilikuwa imeandikwa kwanza sitini na nne, ikakatwa kwa mstari mmoja mwembamba, na pembeni ikaandikwa hamsini na nane.

Karatasi nimeiweka kwenye kikapu, pamoja na vitenge na kijiko cha viatu. Kikapu nitakileta ofisini siku ya Ijumaa. Mkiningojea, pikeni chai. Kikombe cha mtu wa stoo kiko kwenye ndoano ya tisa. Kioshwe.